Nakala Zisife Kifo Kimoja

Bonde la Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupita kwenye tambarare hiyohiyo kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, na msimu wa mvua ni msimu wa radi. Mwenye seva ndogo nyumbani Itungi, bondeni humo, yenye picha za familia, hesabu za kakao na kazi za wateja wa steshenari, anapochagua namna ya kutunza nakala rudufu, ajiulize kwanza: kitakachoiua seva kitaiua na nakala?

Wengi huanza na diski mbili ndani ya seva zinazoandika kwa pamoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kotekote papo hapo. Kirusi kinachofunga mafaili ili kidai fedha hufunga pande zote mbili. Radi ikipitia waya wa umeme, diski zote zimo kwenye soketi moja.

Diski ya nje, yaani eksteno, hupunguza hatari hiyo kwa sharti moja: ukimaliza kunakili, ichomoe. Programu ya bure ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hukagua mafaili na kuchukua yaliyobadilika tu, hivyo kazi ya kila jioni huwa ya dakika chache. Tunza nakala za tarehe tofauti, maana faili lililoharibika Jumatatu huenda likagundulika Ijumaa.

Mafuriko yakiingia ndani, hata eksteno ya kabatini inalowa. Hapo ndipo intaneti inapofaa, ila piga hesabu kwanza. Kupandisha gigabaiti 500 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua siku 9 na ushee, usiku na mchana, bila kukatika. Gigabaiti 2 za siku moja humalizika ndani ya saa moja. Basi mzigo wa kwanza upande gari kwenda Tukuyu, mlimani, takriban meta 1,000 juu ya ziwa, ukae kwa ndugu. Nayo intaneti huugua: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania nzima ikaonja makali yake.

Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Kwa Itungi, hiyo ni seva yenyewe, eksteno iliyochomolewa ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, na nakala ya Tukuyu au ya mtandaoni. Inayotoka nyumbani ifungwe kwa nenosiri, na nenosiri liandikwe karatasini, litunzwe kwingine.

Kisha kila mwezi chagua faili moja, lirudishe kwenye kompyuta nyingine, ulifungue. Kama diski itagoma, na igome siku ya majaribio.