Splinti si Sare ya Shule

"Daktari, ifanye kubwa kidogo, akue nayo." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara nne. Mimi si daktari, ni mtengenezaji wa splinti, na jibu ni hapana.

Najua wazo linatoka wapi. Sare hununuliwa kubwa, pindo likafunguliwa mwaka hadi mwaka. Lakini sare inafunika mwili tu. Splinti ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo inashindana na msuli wa shavu la mguu, unaovuta kisigino juu kila anapokanyaga. Itashinda pale tu kisigino kinapokaa chini kabisa, kimebanwa, hakichezi. Acha nafasi ya kidole kimoja, kisigino kinapanda. Kwa nje utaona mguu umekanyaga vizuri, kumbe humo ndani mtoto anasimamia vidole, na unyayo unajikunja katikati. Mfupa wa kifundo nao unahama kwenye uvungu tuliouchonga kwa ajili yake, unasuguana na plastiki ngumu. Kidonda. Mtoto anaikataa, splinti inapanda juu ya kabati, halafu naambiwa "haikumsaidia."

Mama mmoja alimvua mwanawe mbele yangu splinti iliyotengenezwa kwingine. Kisiginoni alikuwa amechomeka kipande cha sponji ya godoro, kuziba nafasi aliyoiomba mwenyewe. Sponji inabonyea, kisigino kilipanda vilevile. Juu ya kifundo ngozi ilikuwa imechubuka, duara la ukubwa wa sarafu. Na soksi tatu msiniletee: zinajikunja, zinachubua zaidi.

Nafasi ya kukua ipo, lakini mbele: soli tunaipitisha vidole kidogo. Kwenye kifundo, plastiki hulainishwa kwa moto ikapanuliwa. Kisigino hakiguswi.

Mengine kwa ufupi. Misuli imekaza sana: splinti ngumu isiyopinda. Kifundo bado kinakunjika vizuri kwenda juu: yenye bawaba. Unyayo unaning'inia tu bila kukaza: iliyokatwa nyembamba nyuma. Anza kwa saa moja, soksi moja ya pamba isiyo na mshono mnene. Vua, tazama ngozi. Wekundu usiofutika ndani ya nusu saa, irudishe. Kila miezi mitatu mlete nimpime.

Ukitaka kununua kitu kikubwa, nunua kiatu cha kuvaa juu yake.