Metali Nzito Katika Ardhi ya Majaruba

Mkulima wa mpunga anafahamu kwamba samadi, majani na hata mzoga hatimaye huoza na kuwa udongo. Metali nzito, kama vile risasi, zebaki na kadimiamu, haziozi. Zikiisha kuingia ardhini hukaa humo miaka na miaka, wala jicho haliwezi kuzitambua.

Mfano wa karibu umo Dar es Salaam. Mto Msimbazi hupita penye viwanda, gereji na majalala, kisha huingia baharini penye mikoko. Hapo maji hupunguza mwendo, na tope laini hunasa metali zilizochukuliwa na mto. Mimea nayo huzifyonza kwa mizizi. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi: risasi na kadimiamu zilionekana katika mboga hizo.

Wanachama wa Kilimatinde na Kintinku wasidhani kuwa hayo ni mambo ya pwani tu. Chini ya Kilimatinde kuna bonde la Bahi, ambalo maji yake hayana njia ya kawaida ya kufika baharini. Maji hukauka kwa jua. Risasi na kadimiamu hubaki. Tena, tope lililofunikwa na maji huishika kadimiamu, lakini jaruba likikauka huiachia, na mpunga huifyonza.

Nchini Japani, kando ya mto Jinzu, kadimiamu kutoka mgodi wa Kamioka iliingia majarubani. Mifupa ya watu waliokula mchele huo kwa miaka mingi ililegea na kuvunjika kwa jambo dogo. Serikali ilitambua rasmi chanzo hicho mwaka 1968. Kazi ya kurekebisha udongo ilichukua zaidi ya miaka 30, ikamalizika mwaka 2012.

Kwa hiyo kinga haina budi kutangulia. Betri mbovu na oili chafu za mashine zisitupwe mtoni wala shambani. Dhahabu isisafishwe kwa zebaki karibu na maji. Kabla ya kufungua mashamba jirani na machimbo, kamati ya chama imwombe afisa kilimo apeleke udongo na maji kupimwa.

Mpunga wa wanachama huwekwa katika ghala moja. Gunia la shamba lililochafuka halina alama. Likiisha kuchanganywa na mengine, hakuna awezaye kulitenga.