Mgeni Afikapo Tabora

Tangu siku za misafara, Tabora ni mji wa kusubiri. Hapo, katika nchi ya Unyanyembe, ndipo njia iliyotoka Bagamoyo ilipogawanyika, mkono mmoja ukaenda Ujiji na mwingine ukapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa awali walimaliza kazi yao hapo, wapya wakatafutwa na posho ikanunuliwa. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliingia Novemba 1857 wakakaa zaidi ya mwezi. Stanley alikwama karibu miezi mitatu mwaka 1871, wakati Mtemi Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara Waarabu walipokuwa vitani. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, nje ya mji, kuanzia Februari hadi Agosti, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa akiwangoja wapagazi kutoka pwani. Reli ya Kati ilipofika mwaka 1912, kisha tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, njia panda ikabaki palepale. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kupanga katika safari ya Tabora ni muda.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ya zamani ni takriban kilomita 840. Treni ya kisasa inafika Dodoma tangu mwaka 2024, na vipande vya kuelekea Tabora bado vimo katika ujenzi, hivyo anayetaka kufika kwa reli hutegemea treni ya zamani. Treni hiyo haiendi kila siku, na mvua kubwa zikinyesha, mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe huweza kuifunga njia. Ratiba iulizwe stesheni yenyewe siku chache kabla. Jambo jingine linalowasumbua wasafiri wapya ni mabehewa: Tabora ndipo njia za Mwanza na Kigoma zinapoachana, na treni iliyofika ikiwa moja huweza kugawanywa. Mtu wa Kigoma aliyehamia behewa jingine kwa ajili ya usingizi mzuri anaweza kuamkia njia ya Shinyanga. Basi ni haraka zaidi, kwa kuwa siku hizi lami inapita Manyoni na Itigi hadi mjini. Kwa upande wa kaskazini, barabara ya Nzega inamuunganisha msafiri na Mwanza, Shinyanga na Singida.

Wakati mzuri wa kufika ni Juni hadi Agosti. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa miezi hiyo unadai sweta. Septemba na Oktoba jua ni kali na vumbi ni jingi. Mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Ndio msimu wa maembe na wa uyoga wa porini unaouzwa kando ya barabara, lakini njia za vijijini huwa tope tupu.

Ndani ya mji, bodaboda na bajaji zinatosha. Bei ipatanwe kabla ya kupanda, si baada ya kushuka. Kanyenye, Gongoni, Isevya na Ng'ambo ni majina ambayo kila dereva anayajua, na kutaja mtaa pamoja na alama iliyo karibu, kama msikiti, shule au soko, kunasaidia kuliko kumwonyesha ramani ya simu. Mavazi ya heshima yanampa mgeni wepesi, kwa sababu Uislamu na desturi za pwani vilifika hapa na misafara vikatia mizizi. Mwezi wa Ramadhani baadhi ya migahawa hufungwa mchana.

Salamu haikatizwi. Mzee hupewa shikamoo, na anayejaribu "mwangaluka" asubuhi hukunjuliwa nyuso haraka. Kuna pia utani, na huu ndio unaowababaisha wageni. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita nchi za Wagogo, Wazigua na Wazaramo mwaka baada ya mwaka, na katika kupita huko ukajengeka utani unaoruhusu mtu kumtania mwenzake hata msibani. Mzaramo akitaja kabila lake sokoni anaweza kutupiwa maneno makali na muuza karanga ambaye hajawahi kumwona. Haifai kukasirika, hujibiwa kwa utani uleule, na mara nyingine bei hushuka.

Tembe la Kwihara, kiasi cha kilomita kumi kutoka mjini, ndilo linalowaleta wengi. Ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, iliyojengwa upya kwa umbo la ile waliyokaa Livingstone na Stanley, na ndani yake kuna makumbusho madogo. Hapo Stanley aliagana na Livingstone Machi 14, 1872, wasionane tena. Usafiri wa kawaida wa kupita hapo ni haba, hivyo inafaa kukodi bodaboda au teksi ya kwenda na kurudi, na kukubaliana malipo ya kusubiri. Mgeni aende asubuhi, na amuulize mwenyeji habari za wasiotajwa kwenye vibao: wapagazi waliobeba pembe, na watumwa waliotembezwa kwa minyororo kwenda pwani. Bila hao Kwihara ni hadithi ya Wazungu wawili tu. Vivyo hivyo kwa Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani hadi Januari 1893, akajilipua katika ngome yake badala ya kukamatwa. Mgeni asiyemjua Isike hajaijua Unyanyembe.

Chakula hakina shida: ugali, wali, mlenda, kisamvu, na samaki kutoka Ziwa Tanganyika. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ni akiba nzuri ya safari. Asali ya misitu ya miombo ndiyo zawadi, na ile ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu kidogo na bei yake iko juu. Majaribio ya kiberiti au ya kudondoshea majini hayathibitishi usafi wa asali. Afadhali kununua iliyofungwa vizuri yenye alama ya TBS, au kwa mfugaji anayefahamika. Asali iliyotiwa katika chupa ya maji iliyotumika huvuja njiani. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Chandarua kitumike kila usiku, maana malaria ipo mwaka mzima. Akiugua mtu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, iko mjini. Picha za stesheni, na hasa za maeneo ya jeshi, zisipigwe bila ruhusa. Tabora ina kambi kubwa, na kisingizio cha utalii hakisikilizwi.

Anayefuata njia ya misafara hadi mwisho huendelea magharibi kupitia Urambo, nchi ya Mirambo aliyefariki mwaka 1884, hadi Kigoma na Ujiji. Kwa safari hiyo yote wiki moja ni ndogo, na asiye na wiki mbili abaki Tabora na Kwihara, avitazame vizuri.