Je, Utamtoa Binti kwa Mtengeneza Majeneza?

Katika kikao kimoja cha akina mama wa kanisa letu hapa Babati, mama mmoja aliinuka akiwa na huzuni. Binti yake alikuwa amechumbiwa na kijana fundi seremala. Kijana huyo hutengeneza majeneza pamoja na baba yake, na babu yake alifanya kazi hiyo hiyo. "Watu wale huishi kwa kuombea wenzao wafe," alisema. Kisha akanigeukia: "Dada muuguzi, wewe ungemtoa binti yako?"

Nilimjibu kwa swali. Mgonjwa akifariki wodini, sisi wauguzi ndio tunaofumba macho yake, tunamfunga taya, tunamwosha na kumfunika shuka. Kwa kazi hiyo nalipwa mshahara. Je, naombea watu waugue?

Hofu hii si ya Babati peke yake, lakini ziko jamii ambazo kazi hii imekuwa heshima ya ukoo. Nchini Ghana, katika mji wa Teshie karibu na Accra, aliishi fundi seremala aitwaye Seth Kane Kwei. Husimuliwa kwamba bibi yake alipenda sana kutazama ndege zikipita angani, ingawa hakuwahi kupanda hata moja. Alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mjukuu wake alimchongea jeneza lenye umbo la ndege.

Majirani walipoliona, nao wakaja kuagiza. Mvuvi alizikwa katika jeneza la samaki, mkulima katika la kakao. Mama aliyelea watoto wengi alitengenezewa kuku mwenye vifaranga vyake. Makanisa mengine hayakuyapokea majeneza hayo ibadani, isipokuwa yale yenye umbo la Biblia.

Mwaka 1989 kazi za Kane Kwei zilionyeshwa Paris, Ufaransa. Alifariki mwaka 1992, lakini karakana haikufungwa. Wanawe waliiendeleza, na mwaka 2005 mjukuu wake, Eric Adjetey Anang, akashika uongozi. Jamaa yake mwingine, Paa Joe, aliyejifunza kazi kwake, alifungua karakana yake mwenyewe katika miaka ya 1970, na sasa hufanya kazi na mwanawe.

Ukoo huo ulianza na mjukuu aliyempenda bibi yake, akataka kumsindikiza vizuri. Watoto waliokua wakiona jambo hilo hawakurithi randa na misumeno tu.

Hata hivyo, mama yule alikuwa na haki ya kuuliza. Biashara ya msiba humkuta mteja akiwa analia, na anayelia hapatani bei. Nimewahi kumwona mjane akiuza ng'ombe wake wa maziwa kulipia jeneza la kifahari, kwa sababu alionyeshwa hilo tu. Wiki iliyofuata watoto hawakuwa na maziwa wala ada ya shule.

Kwa hiyo nilimshauri mama huyo asiulize kijana anauza nini, bali anauzaje. Je, humwonyesha mfiwa jeneza la bei nafuu pia? Bei yake ni ile ile kwa tajiri na kwa mjane? Mtoto mchanga akifariki, na baba hana kitu, karakana hufanya nini? Majibu ya maswali hayo wanayo majirani waliokwisha kufiwa.

Alikwenda, akauliza. Mjane mmoja alimwambia kwamba babu wa kijana huyo alimpa jeneza la mumewe kwa mkopo, wala hakuja kumdai kabla ya mavuno.

Mama mpenzi, Yusufu wa Arimathaya alitoa kaburi lake, na wanawake walibeba manukato alfajiri. Kuwahudumia wafu hakukuwa aibu kwao. Posa ilipokelewa, na binti yule leo ndiye anayeandika daftari la karakana.