Hesabu ya Nairuzi na Kalenda ya Januari: Ufuate Ipi Shambani?

Vijana wa huku Unguja wananiuliza sana: "Bwana shamba, mzee anataka tupande kwa hesabu ya Nairuzi, mnunuzi anataka tarehe. Nifuate ipi?" Jibu langu: zote mbili, ila kila moja kwa kazi yake.

Tuelewane kwanza. Nairuzi ni mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi, huo huo tunaousherehekea Makunduchi kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Wazee wanahesabu siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, yaani miongo. Miongo 36 ikiisha, zinabaki siku 5 za kufungia mwaka. Jumla 365. Kwa hesabu hiyo mabaharia na wakulima wa pwani walijua kusi, kaskazi, masika na vuli.

Sasa tatizo. Jua linataka siku 365 na robo. Kalenda ya Januari inafidia kwa kuongeza siku moja Februari kila miaka minne. Nairuzi yetu haiongezi kitu, kwa hiyo kila miaka minne inatangulia siku moja. Iran wenyewe walishalimaliza hili: kalenda waliyoipitisha mwaka 1925 ina mwaka mrefu, na mwaka mpya wao haubanduki kwenye Machi 20 au 21, machipuko yanapoanza. Sisi tumebaki na ile ya kale.

Hasara yake ni ipi? Tuseme babu alifundishwa miaka 60 iliyopita kupanda mahindi siku ya 240. Gawa 60 kwa 4, unapata 15. Nairuzi ikiwa Julai 23, siku ya 240 ni Machi 19. Enzi za babu ilikuwa mwanzoni mwa Aprili. Ukifuata namba kavu kavu, unatia mbegu wiki mbili kabla ya wakati aliokusudia mwalimu wake. Mvua ikikatika hapo katikati, mbegu na mbolea vimekwenda, na mkopo unakusubiri.

Ninachoshauri:

1. Muulize mzee ishara, siyo namba tu: upepo uligeukia wapi, mawingu yalikaaje, udongo ulilowa kiasi gani.

2. Andika ishara hizo kwenye daftari kwa tarehe za Januari, kila msimu.

3. Linganisha na utabiri wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Chimba, shika udongo. Mvua moja siyo masika.

4. Soko lihesabu kwa tarehe. Hoteli ikitaka nyanya Desemba 20, na pakiti inasema siku 75 tangu kuhamisha miche, basi miche iwe shambani Oktoba 6. Hoteli haijui mwongo.

Mzee usimdharau. Hesabu yake haikukosewa, imesogea tu. Mpe heshima yake, kisha rudisha zile siku 15.