Ndege za Kivita na Ulinzi wa Ardhi: Funzo la Kagera

Katika madarasa ya itikadi tunayoyaendesha hapa Maswa, swali moja hurudi mara kwa mara: je, nchi mbili zinapogombea ardhi, mwenye ndege nyingi ndiye mshindi? Hatuna budi kulijibu kwa makini, maana kada anayelijibu vibaya huishia ama katika woga ama katika kiburi. Jibu tutalitafuta katika vita vya Kagera vya 1978–79.

Kwanza, tuielewe ardhi yenyewe. Magharibi ya Ziwa Victoria, sehemu kubwa ya mpaka wetu na Uganda ni mstari wa digrii 1 kusini ya Ikweta, uliotokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1890. Mto Kagera unapita kusini ya mstari huo; kwa hiyo kipo kipande cha Tanzania kilicho ng'ambo ya mto. Mpaka huo waliuchora wakoloni, lakini mwaka 1964, mjini Cairo, nchi za OAU ziliamua kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, ili Waafrika wasiuane kwa ajili ya ramani za mabeberu. Nduli Idi Amin alikiuka uamuzi huo. Oktoba 1978 ndege zake zilipiga mabomu Bukoba, majeshi yake yakavamia, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote hadi mtoni ni ya Uganda.

Pili, tupime kazi ya ndege. Amin alikuwa na MiG zilizotoka Urusi ya Kisovyeti. Zilitumwa kuvunja daraja la Kyaka, zikashindwa. Daraja lilivunjwa kwa baruti iliyofungwa kwenye nguzo zake kwa mikono ya watu. Upande wetu pia tulipata funzo chungu: Novemba hiyo hiyo ndege zetu tatu zilitunguliwa na walinzi wetu wenyewe huko Musoma, kwa kudhaniwa kuwa za adui. Ni dhahiri kwamba ndege bila mawasiliano na nidhamu ni hatari kwa mwenyewe.

Kinyume chake, askari wetu wa miguu, wakiwa na mizinga na makombora ya SAM-7 yanayorushwa kutoka begani, walizitungua ndege za adui. Wahandisi waliweka daraja la muda Kyaka, na jeshi likavuka. Tarehe 7 Aprili 1979 Entebbe ikatekwa, pamoja na kiwanja chake na ndege zilizobaki hapo. Ndege haina nguvu tena pale kiwanja chake kinapokanyagwa na askari wa miguu.

Je, basi, tuzidharau ndege? La hasha! Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilidondosha mabomu Mwanza. Yaliangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Shabaha ilikuwa mbovu, lakini maana yake ni nzito: kutoka anga ya Mwanza hadi Maswa, ndege ya namna hiyo hutumia dakika chache tu. Maswa haipakani na nchi yoyote ya nje, hata hivyo haikuwa mbali na vita. Tanzania ilijibu kwa ndege zake huko Uganda, maana adui wa angani hazuiwi kwa maneno matupu.

Tunahitimisha hivi. Ndege huweza kuharibu, kutisha na kuchelewesha. Haziwezi kukaa juu ya ardhi na kuitawala. Ardhi hushikwa na watu: mwanajeshi, mgambo, na wananchi waliotoa ng'ombe, vyakula na magari kwa ajili ya vita hivyo. Lakini watu hao wanahitaji elimu na zana za kuilinda anga yao. Kada anayefundisha ushujaa bila sayansi anawapeleka vijana kufa bure, na anayefundisha sayansi bila siasa anawaachia wengine uamuzi wa nani apigwe, na kwa haki ipi.