Kutapika ni Kazi ya Ubongo

Wauzaji wa dawa ya panya, mende na kunguni wanaopita mitaani na vipaza sauti wanategemea udhaifu mmoja wa panya: hatapiki. Mbwa akila mzoga atautapika uani, paka atatapika manyoya aliyoyameza akijilamba, lakini panya akishameza sumu hana pa kuitolea. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, wakiongozwa na Charles Horn, waliwapa dawa za kutapisha wagugunaji wa koo mbalimbali, na hakuna hata mmoja aliyetapika. Farasi naye hatapiki, ila kwa sababu nyingine. Msuli unaofunga mlango wa juu wa mfuko wake wa tumbo una nguvu mno, na umio unaingia tumboni kimshazari, hivyo kadiri tumbo linavyojaa ndivyo mlango unavyozidi kubanwa. Gesi na majimaji yakimjaa, tumbo linaweza kupasuka kabla hajatapika. Ndiyo maana daktari wa mifugo hukimbilia kumpitishia mpira puani ili kumpunguzia.

Panya amefidiwa kwa tahadhari. Chakula kigeni hukionja kidogo kwanza, na kikimuumiza hakigusi tena. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake walionyesha kwamba panya waliokunywa maji yenye sakarini huku wakipigwa mionzi ya kuwadhuru waliyakataa maji ya ladha hiyo baadaye. Sumu nyingi za panya za leo huua baada ya siku kadhaa kwa sababu hiyohiyo: mnyama asipate nafasi ya kuhusisha ugonjwa na alichokula. Panya anayeumwa tumbo pia hula udongo, na udongo hunasa baadhi ya sumu. Katika maabara, kiasi cha udongo wa kaolini anachokula ndicho kipimo cha kichefuchefu chake.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ubongo wa panya hauna kabisa mpango wa kutapika. Mwaka 2022 watafiti wa Beijing waliwapa panya wadogo wa maabara sumu ya bakteria aina ya stafilokokasi, wakawaona wakiachama huku kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo na misuli ya tumbo ikijikaza kwa pamoja, kama mtu anayekokomoka. Hakikutoka kitu. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kwamba mpango huo ni wa kale kuliko tulivyodhani, na kwamba kutapika hakuanzii tumboni.

Tazama yanayotokea kwa binadamu. Kwanza huja kichefuchefu, uso hupauka, jasho jembamba hutoka, mate hujaa kinywani. Mate hayo hupunguza makali ya asidi itakayopita kwenye meno. Wakati huohuo utumbo mwembamba hugeuza mwendo wake: wimbi moja kubwa la misuli huanzia katikati yake na kurudisha vilivyomo hadi kwenye mfuko wa tumbo. Nyongo humiminwa chini ya mfuko huo, na wimbi hili ndilo linaloileta kinywani kwa mtu asiye na chakula tumboni. Kisha kilango cha njia ya hewa hufungwa, kiwambo hushuka kwa nguvu, misuli ya tumbo hujikaza. Mfuko wa tumbo, tunaoudhania kuwa ndio mtendaji, muda wote huo umelegea; unakamuliwa kutoka nje kama kifumbu cha nazi.

Amri hutoka kwenye shina la ubongo. Mnamo miaka ya 1950 huko New York, Herbert Borison na S. C. Wang waliondoa kipande kidogo sana cha eneo hilo katika ubongo wa mbwa. Mbwa hao walipodungwa apomofini, dawa ya kutapisha inayopita kwenye damu, hawakutapika. Waliponyweshwa salfeti ya shaba walitapika. Kwa hiyo taarifa hufika ubongoni kwa njia zaidi ya moja. Kipande kile huionja damu yenyewe, kwa kuwa hapo kizuizi kinachokinga ubongo dhidi ya vitu vilivyomo kwenye damu si kamili. Njia nyingine ni neva ya vagasi inayotoka tumboni. Seli maalumu za ukuta wa utumbo zikiguswa na sumu hutoa serotonini, serotonini huchokoza neva, neva huupasha ubongo habari. Ujuzi huo ulizaa ondansetroni, dawa inayoziba mlango wa serotonini kwenye neva. Wagonjwa wa saratani waliokuwa wakiacha matibabu ya sisplatini kwa sababu ya kutapika mfululizo walipata ahueni ambayo waliowatangulia hawakuwahi kuipata.

Panya hafai kwa utafiti wa aina hii, basi watafiti humtumia kirukanjia wa Asia, mdogo wa mwili lakini mwepesi wa kutapika. Kwa msaada wake tunaelewa balaa la kiporo. Wali uliopikwa asubuhi ukaachwa kwenye joto hadi usiku ni shamba la bakteria aitwaye Basilasi siriasi, ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Hutengeneza sumu iitwayo sereulidi, na sumu hiyo humtapisha kirukanjia kupitia neva ileile ya vagasi. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa moja hadi sita. Akina mama wengi huamini kwamba kiporo kikichemshwa sana kimepona. Bakteria aliyekwisha kuota hufa kweli, lakini sumu aliyoiacha haiharibiki hata kwa nyuzi 121 za Selsiasi. Wali wa kesho uhifadhiwe kwenye baridi mapema, na kama hakuna friji upikwe wa kumalizika.

Si kila kutapika kunatokana na sumu. Abiria wa boti ya Unguja na Pemba siku ya mawimbi hajala kibaya. Sikio lake la ndani linahisi mwendo ambao macho yake yaliyokazia kiti cha mbele hayauoni, na ubongo hauwezi kuzipatanisha habari hizo mbili. Watu ambao chombo cha mizani katika sikio la ndani kimekufa hawatapiki baharini.

Mjamzito pia amesingiziwa kwa muda mrefu. Ameambiwa anadeka, ameambiwa hamtaki mume. Desemba 2023 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Marlena Fejzo wa Chuo Kikuu cha Southern California, Stephen O'Rahilly wa Cambridge na wenzao, kuhusu homoni iitwayo GDF15. Mimba huitoa kwa wingi, na kipokezi chake kiko kwenye shina la ubongo, jirani na vituo vya kutapika. Wanawake ambao kabla ya kushika mimba walikuwa na homoni hiyo kidogo ndio huumia zaidi, kwa maana mwili wao haujaizoea. Mwanamke anayetapika hadi kupungua uzito na kukosa mkojo anahitaji dripu na daktari. Kumwambia avumilie ni kumdhulumu.

Nimeyaeleza haya yote kwa sababu ya kosa moja linaloendelea kuua watoto wetu. Mtoto hunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, na jambo la kwanza mtu mzima anafikiria ni kumtapisha: kidole kooni, maziwa mengi, mawese, maji ya sabuni. Mafuta ya taa ni mepesi na husambaa upesi. Tumboni madhara yake si makubwa. Hatari ni yakiingia kwenye mapafu, ambako huleta nimonia kali. Kila anapotapika yanapita tena karibu na kilango cha hewa, na mtoto anayelia na kuhangaika hakifungi kilango hicho sawasawa. Maji ya betri na dawa kali za kusafishia nazo huunguza umio zikishuka, na huuunguza tena zikipanda.

Hata nchi zenye dawa maalumu ya kutapisha zimeiacha. Nyumba nyingi za Marekani ziliweka sharubati ya ipekaki kabatini kwa miongo kadhaa. Mwaka 2003 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri isitumike tena nyumbani, kwa kuwa haikuthibitika kuwasaidia waliomeza sumu na inaweza kuchelewesha tiba inayofaa. Kutapika kulikoamriwa na ubongo huja na ulinzi wake. Ukimlazimisha mtu kutapika huwezi kuutegemea ulinzi huo, hasa akiwa ameanza kupoteza fahamu.

Basi mzazi, mtoto anayetapika kwa kuharisha mpe maji ya ORS. Akiyatapika subiri dakika kumi, kisha rudia polepole, kijiko kimoja kila dakika mbili au tatu, wala usikate tamaa. Aliyezirai mlaze ubavu. Aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe na usimnyweshe kitu. Mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali, na chupa aliyonywea uende nayo. Mafuta yaliyobaki nyumbani yaondoe leo kwenye chupa ya soda, uyaweke kwenye dumu lenye kifuniko kigumu, mahali asipofika.